Saini ya Kweli, Barua ya Uongo

Mliokaa wiki nzima roho mkononi, pokeeni jibu kabla hamjavuta kiti: saini ilikuwa yake.

Kijani aliielekeza ile barua kwenye dirisha la masjala, akaitazama mara ya pili, kisha ya tatu. Mkia wa herufi ya mwisho ulipanda juu ukaikata herufi ya kwanza, vile vile anavyoandika yeye tangu alipoajiriwa. Hata kile kinukta anachokitia mwishoni bila sababu yoyote kilikuwepo.

Barua yenyewe haikuwa na maneno mengi. Mashine kumi na mbili za hospitali zimepokelewa, zimekaguliwa, malipo yafanyike. Na wizara nzima ilikwisha jua kwamba hakuna hospitali iliyoona hata boksi la mashine hizo.

Uliyejiunga nasi leo, usitoe macho, nakupa mambo kwa ufupi. Mama huyu ni Mkuu wa Malipo wizarani. Aliingia pale miaka ishirini na saba iliyopita akiwa karani wa masjala, kazi yake kutoboa karatasi na kuzipanga majaladani. Akapanda: mhasibu msaidizi, mhasibu, mkaguzi wa ndani, mkuu wa malipo. Jumatatu saa nne asubuhi atasimama mbele ya kamati, na kamati ikimpitisha, atatoka pale akiwa Mhasibu Mkuu wa Serikali. Leo ni Ijumaa.

Na jina? Kwa mkaguzi wa serikali wino ni wa kijani, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuugusa. Karatasi ikishapigwa alama ya kijani imeonekana, imeandikiwa saa na tarehe, na hakuna awezaye tena kuipitisha mlango wa nyuma. Miaka tisa mama huyu alizunguka na kalamu hiyo akiwatoa watu kijasho chembamba. Alipopandishwa cheo, cheti chake cha ukaguzi hakikufutwa, na kalamu hakuirudisha. Iko mkobani mpaka leo.

Sasa zile nyayo tulizozisikia wiki iliyopita zikisimama nje ya mlango wa masjala. Zilikuwa za Naibu wake.

"Dada, bado umo humu?" Naibu aliingia, akausukuma mlango kwa kisigino ukajifunga. "Wakaguzi wa nje wamefika mapokezi. Chomoa hiyo arobaini na saba, nipe mimi. Nitajua pa kuipeleka."

Mzee wa Masjala, aliyekuwa juu ya ngazi akipanga majalada ya rafu za mwisho, aliacha kupanga.

"Nani amekuambia ni arobaini na saba?" Kijani aliuliza.

"Eh?"

"Namba ya karatasi. Sijamtajia mtu."

Mwingine hapo angebabaika. Naibu alitabasamu tu, akatoa mfukoni mwa koti karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Hii nimeikuta asubuhi chini ya mlango wangu. Nakala ya barua hiyo hiyo. Kuna mtu anakuchimba, dada yangu, na anakuchimba kwa jembe kubwa."

Kijani aliona haya. Mtu amekuja kumwokoa, naye anamhoji kama mwizi wa kuku!

"Saini ni yako?" Naibu alishusha sauti.

"Imeghushiwa. Tazama tarehe. Jumatano hiyo sikuwepo ofisini."

"Ulikuwa wapi?"

Kwenye kumbukumbu za wizara Kijani alikuwa kwenye semina. Ukweli ni kwamba Jumatano ile, mwaka juzi, alikuwa kwenye meza ya upasuaji, na hakumwambia mtu yeyote kazini. Likizo ya ugonjwa maana yake ni kaimu, na kiti kikishakaliwa na kaimu huwa na tabia ya kumzoea.

"Basi nisikilize kama ndugu yako," Naibu alisema. "Jiuzulu leo. Utaondoka na mafao yako yote na heshima yako. Ukingoja Jumatatu watakuuliza habari za karatasi hiyo mbele ya kamera, na hapo hata mimi sitakuwa na la kukusaidia."

"Sijiuzulu."

"Fikiria familia. Nenda nyumbani mapema, ukaongee na shemeji. Mimi sijapata kumtia machoni hata siku moja, lakini nasikia ni mwalimu wa hesabu, mtu mpole. Atakushauri vizuri."

"Naibu, nimesema sijiuzulu."

"Haya, bosi." Aliitazama saa yake. "Nina kikao cha nje. Nakala kaa nayo, uisome vizuri."

Akatoka. Kijani akaisoma vizuri, kama alivyoambiwa. Watu wengine hutoa ushauri mzuri wasijue.

Aliiweka nakala ya Naibu mezani, akaweka karatasi ya jaladani kando yake. Maneno yale yale. Saini ile ile. Lakini karatasi ya jaladani ilikuwa na namba 47 kwa wino mwekundu, pembeni juu kulia, ndani ya duara. Kwenye nakala pembe ile ilikuwa nyeupe.

"Mzee," aliita, "karatasi inaweza kukaa humu bila namba?"

"Humu?" Mzee alicheka kule juu. "Hata karatasi ya sambusa ikiingia humu inatoka na namba."

"Basi nakala hii ilipigwa kabla barua haijafika kwako."

Mzee hakucheka tena.

"Na kama haina namba," Kijani aliendelea taratibu, "Naibu amejuaje ni ya arobaini na saba?"

Ile haya aliyokuwa nayo ilimtoka yote. Alilivuta jalada, akafungua upande wa kushoto, ambako wakubwa huandika maagizo yao. Kulikuwa na mwandiko wake mwenyewe wa mwaka juzi: "Mkandarasi ajibiwe haraka, tazama 52." Akafunua 52. Ratiba ya mikutano. Akafunua 53. Barua ya mkandarasi.

Akazikagua namba zinazofuata 47, moja moja, kwa kucha. 48 ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe. 49 nayo. 50 nayo. Zote zilikuwa zimesogezwa hatua moja ili kumpisha mgeni. Aliyefanya kazi hiyo alikuwa na subira, lakini alisahau kwamba upande wa kushoto nako kuna namba.

Kalamu nyekundu katika jengo zima ilikuwa moja. Ilikuwa imefungwa kamba, na kamba ilikuwa shingoni mwa mzee aliyemfundisha Kijani, siku yake ya kwanza kazini, kutoboa karatasi bila kuipinda.

"Mzee wangu, shuka."

Alishuka. Ngazi ya mwisho akaikalia.

"Umeingiza karatasi kwenye jalada langu."

"Mwezi uliopita, binti yangu." Hakujaribu hata kukana. "Nilidhani ni wewe umenituma."

"Mimi?"

"Ililetwa kwenye bahasha yako ya kaki. Mwandiko wako juu, 'Ofisini.' Nikaambiwa uliisahau nyumbani tangu mwaka juzi, unaona aibu kuisema, na sasa unataka kupanda cheo. Niirudishe mahali pake kimyakimya. Nikajikaza, nikafanya. Miaka arobaini sijawahi kukwangua namba, nikakwangua kwa ajili yako."

"Aliyeileta ni nani?"

Mzee aliishika kalamu yake iliyoning'inia kifuani, kama mtu anayetaka kuivua.

"Ningemkatalia vipi, mwanangu? Ni mtu wa kwako."

"Mzee, nani?"

"Mkwe wangu. Mwalimu."

Kijani alilifunika jalada, akalifunga kwa kamba yake, akalifungua tena bila kujua kwa nini. Aliumia. Angeambiwa ni Naibu angekasirika, na hasira angejua la kuifanyia. Lakini Mwalimu alikuwa mume wake kwa miaka ishirini na mbili, mtu ambaye akipewa chenji iliyozidi dukani hurudi kwa miguu kuirudisha.

Kisha akaikumbuka bahasha.

Jumanne ile ya mwaka juzi, jioni ya kuamkia upasuaji, alikuwa kitandani hospitalini. Barua mbili za bajeti zilikuwa lazima zitoke Jumatano kwa saini yake, la sivyo ingejulikana hayupo. Basi akafanya jambo ambalo maofisa hulifanya kila siku na kulikana kila siku. Alichukua karatasi zenye nembo ya wizara, tupu, nyeupe, akazitia saini chini. Katibu muhtasi wake angechapa maneno juu yake. Akatia bahasha, akaandika "Ofisini," akampa mumewe apeleke.

Karatasi ngapi? Barua zilikuwa mbili. Lakini mashine ya kuchapia pale ofisini hutafuna karatasi, naye akaongeza za akiba.

Alisaini nne.

Alipanda ghorofa mbili bila kungoja lifti. Katibu muhtasi wake, mama mnene asiyepokea simu bila kwanza kukohoa, alikuwa anapanga pini.

"Mwaka juzi, wiki ya semina. Uliletewa bahasha kutoka kwangu."

"Nililetewa." Mama yule alishavuta daftari. "Bosi, mimi hata pini moja nikipokea naiandika. Hii hapa. Jumatano, saa mbili na nusu. Karatasi za nembo, zenye saini, mbili."

"Mbili?"

"Mbili. Kwani zilikuwa ngapi?"

Macho ya Kijani yalikuwa yamefika ukutani, nyuma ya kiti cha mama yule. Pale palikuwa na waraka ndani ya fremu: ni marufuku kwa ofisa yeyote kutia saini karatasi tupu, na atakayebainika ataondolewa kazini mara moja. Waraka huo aliuandika yeye, akaupitisha yeye, na mtu wa kwanza kufukuzwa kwa waraka huo alimfukuza yeye. Mtu yule alilia mbele yake akasema ilikuwa siku moja tu, mkewe alikuwa anajifungua. Kijani alimwambia sheria haina siku moja tu.

Msomaji, ona mtego ulivyo. Akisema saini imeghushiwa, wataalamu watathibitisha ni yake kweli, naye ataonekana mwizi na mwongo. Akisema ukweli, kwamba alisaini karatasi tupu, waraka wake mwenyewe utamtoa nje. Njia ilikuwa imebaki moja: amkamate aliyeijaza ile karatasi, amkamate na kithibitisho mkononi, na amkamate kabla ya Jumatatu. Akimpata huyo, la waraka atalisema kwa mdomo wake na kamati iamue. Asipompata, miaka ishirini na saba itaishia gerezani.

Na jambo jingine lilibaki. Mbili zilifika. Moja ilikuwa jaladani. Ya nne ilikuwa wapi?

Gari la ofisi aliliacha pale pale lilipoegeshwa, kila mtu alione. Akatokea mlango wa jikoni, akasimamisha bodaboda.

"Twende wapi, mama?"

"Nyumbani. Na usinikimbizie, nataka nifike."

Saa saba kasoro dakika tano alikuwa mlangoni kwake. Hakubisha hodi. Nyumba yake, ufunguo wake.

Mwalimu alikuwa sebuleni, ana rundo la madaftari ya wanafunzi, miwani imemshuka puani. Alipomwona alishtuka, mkono ukavuta daftari moja haraka na kulifunikia kitu mezani. Mtu huyu hajui kuficha. Katika maisha yake yote hajawahi kuficha hata zawadi ikafika siku yenyewe.

"Mama, leo mapema hivi? Unaumwa?"

"Siumwi. Nyanyua hilo daftari."

"Ni la mtoto mmoja hivi, mzito kidogo wa hesabu..."

"Mwalimu. Nyanyua."

Hakunyanyua. Akanyanyua Kijani mwenyewe.

Karatasi ya nembo ya wizara. Chini yake, saini, mkia juu, kinukta mwishoni. Haikuwa tupu tena. "Mimi niliyetia saini hapa chini, kwa hiari yangu na kwa sababu za kifamilia, najiuzulu wadhifa wangu." Tarehe ilikuwa ya leo.

Kijani akakaa kwenye kiti cha mbele ya mumewe, kiti ambacho watoto wa masomo ya ziada hukalia wakishindwa swali.

"Nani ameichapa?"

"Mimi. Kwenye mashine ya shule." Sauti ya Mwalimu ilikuwa ndogo. "Ndiyo kwanza nimerudi nayo."

"Zilikuwa nne. Ulipeleka mbili. Kwa nini?"

Mwalimu alivua miwani. Bila miwani alionekana mzee ghafla.

"Usiku ule daktari aliniita pembeni. Akaniambia nijiandae. Nikarudi nikakukuta umelala, na bahasha iko wazi. Nikawaza, akifa, kuna barua za mafao zitataka saini yake, na mimi mambo ya wizara siyajui. Nikahamishia mbili kwenye bahasha nyingine ya kupeleka, mbili nikazibakiza kwenye ile yako. Hukufa. Nikashukuru Mungu, nikazisahau."

Kijani alitaka kucheka na alitaka kumpiga. Hakufanya lolote.

"Na ile ya mashine za hospitali?"

"Sikujua kitakachoandikwa! Naapa. Niliitoa tupu." Sasa machozi yalikuwa yanamshuka waziwazi. "Ninyi mnaona cheo. Mimi nimewahesabu waliokikalia kile kiti. Mmoja yuko jela. Mmoja alianguka ofisini na hakuamka. Mmoja alikimbia, na mke wake mpaka leo anaulizwa yuko wapi. Watatu kwa watatu, mama! Nikaambiwa, ikiwepo karatasi moja tu jaladani, jina lako litakatwa kwenye orodha kimyakimya na utarudi nyumbani salama. Nikarudishiwa imejazwa, kwenye ile bahasha yako, imefungwa. Nikaambiwa nimpelekee Mzee wa Masjala, ataipokea kwangu kuliko kwa mtu mwingine. Nikapeleka."

"Uliambiwa na nani?"

Mwalimu alifungua mdomo.

Nje, geti dogo lililia. Nyayo zikaja kwenye saruji, za mtu asiye na wasiwasi, mtu anayeijua njia. Zikasimama mlangoni.

"Hodi! Shemeji, upo?"

Kijani aliijua sauti ile. Alikuwa ameisikia masjala asubuhi ikimwambia haijapata kumtia shemeji machoni hata siku moja.

"Shemeji, fungua upesi," Naibu aliita tena. "Amekataa, kama nilivyokuambia atakataa. Nipe ile ya kujiuzulu niiwahishe kabla ofisi hazijafungwa. Yeye bado yuko kule, gari lake nimeliacha limeegeshwa."

Mwalimu alimtazama mkewe. Mkono wake ukasogea kuelekea ile karatasi, na hata mimi ninayewasimulia siwezi kuapa kama alitaka kuichana au kuipeleka mlangoni.

Kijani aliiwahi. Hakuichana. Alifungua mkoba, akatoa kalamu ya kijani, akaivua kifuniko. Juu ya maneno ya kujiuzulu, kutoka pembe hadi pembe, akaandika kwa herufi kubwa kama alivyokuwa akiandika zamani: IMEONEKANA. Chini yake akaandika Ijumaa, saa saba na dakika tano, sebuleni kwangu. Kisha akaacha mistari miwili, ya watu wawili kuweka majina yao.

Akamsogezea mumewe kalamu yake ya kusahihishia madaftari.

"Mstari wa kwanza ni wako. Andika ulivyoipata na nani aliitaka."

"Nikiandika, mama, mimi ndiye nitakayefungwa."

"Najua," Kijani alisema, na sauti ilimkatika hapo. "Na usipoandika, ni mimi."

Mlango uligongwa mara ya tatu, kwa nguvu zaidi. Mwalimu aliitazama kalamu, akamtazama mkewe, akautazama mlango. Kitasa kikaanza kuzunguka, na hapo ndipo Kijani alipokumbuka kwamba hakuufunga.